Siku moja maishani mwangu: nakata tiketi za ndege hapa Tanga

Saa moja na nusu asubuhi nishamaliza chai na mihogo, napanda bajaji kutoka Chumbageni mpaka ofisini Ngamiani. Meza mbili, kompyuta moja, na tufe la dunia ambalo silikopeshi mtu.

Saa mbili na nusu kaingia mama anauza mapazia, safari yake ya kwanza Guangzhou, China. Shikamoo, marahaba mwanangu, afu kauliza, "Hivi huko ni mbali kiasi gani?" Nikachukua uzi, ncha moja nikaikandamiza Dar kwa kidole, nikauvuta ukakaza juu ya tufe mpaka Guangzhou. Kama kilomita 8,700, na ndege kubwa inakimbia karibu 900 kwa saa, basi ukienda moja kwa moja ni masaa kumi hivi. Ukipitia Dubai, Dar mpaka pale ni karibu 4,000, afu 5,800 nyingine, jumla 9,800. Zimeongezeka 1,100 tu, kinachokula muda ni kule kukaa uwanjani kusubiri ndege ya pili. Akachagua Dubai, nauli ilikuwa nafuu.

Nikamwambia pia Guangzhou wako mbele yetu masaa matano, yani ukiruka Dar saa nne asubuhi kwa ndege ya moja kwa moja unatua saa saba usiku kwa saa zao, ukirudi wanakurudishia masaa yako, unaondoka kwao saa nne asubuhi unatua Dar saa tisa mchana siku ileile.

Saa sita swala na wali samaki. Saa nane kijana wa London, kilomita 7,500, huyo haraka tu.

Saa tisa nikaprinti tiketi ya mama, na hapa ndo huwa natulia maana mwaka jana kuna mteja wangu alikosa ndege na mpaka leo inaniuma. Tiketi inasema Jumanne, 00:40. Mtu wa Kiswahili akiona Jumanne na ni usiku, atakwenda Jumanne usiku, wakati ndege ishaondoka usiku wa kabla yake, kwa sababu tarehe ya tiketi inageuka saa sita usiku na siye siku yetu tunaihesabu na jua. Nampigia mstari kwa kalamu nyekundu: USIKU WA KUAMKIA JUMANNE, SAA SITA NA DAKIKA 40, UWANJANI SAA TATU NA NUSU. Afu kuna basi, stendi ya Kange hapa Tanga mpaka Dar kilomita 350 hivi ni masaa sita, muda ambao ndege ishakufikisha Dubai! Kwa hiyo Jumatatu saa mbili asubuhi awe ashapanda basi.

Saa moja usiku nafunga, simu ikaita. Ni mama. "Mwanangu, nisikilize nikusomee. Jumatatu asubuhi basi. Usiku wa kuamkia Jumanne ndege. Sawa?"

Sawa kabisa mama.