Malaika Hakumkemea Eliya

Andiko: 1 Wafalme 19:4-13

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tuwakumbuke walioumia kichwa, ambao nyuzi zimeshatolewa na nywele zimeota, lakini nyumbani wanasema "amerudi mtu mwingine". Hawakosekani katika jumuiya zetu. Yupo kijana wa bodaboda aliyegongwa bila kofia ngumu, yupo fundi aliyeanguka toka ghorofani. Ndugu wameshatoa sadaka ya shukrani. Halafu yule aliyekuwa mpole anarusha kikombe ukutani kwa sababu chai imepoa, na baada ya nusu saa analia na hajui analilia nini. Mkewe akieleza anaambiwa afunge na kuomba, hilo ni pepo.

Kuomba tuombe. Ila hilo la pepo silikubali, maana linamwongezea mgonjwa aibu na linamwacha mke peke yake. Nyuma ya paji la uso ipo sehemu ya ubongo inayotusaidia kujizuia: kumeza neno kabla halijatoka, kusubiri, kusoma uso wa mwenzako. Ikijeruhiwa, hasira hutoka mbichi. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe haoni kwamba amebadilika, na huko kutoona nako ni jeraha, si ubishi.

Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipenywa na mtaimbo wa chuma ulioingia shavuni ukatokea utosini. Akaishi. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba yule mtu makini aligeuka kuwa wa matusi na papara, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Wengi husimulia hadi hapo tu. Lakini baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa. Wapo watafiti wanaoona kuwa kazi ile ya ratiba moja kila siku ilimsaidia kurudi katika hali ya utulivu. Mimi napata tumaini kubwa hapo.

Sasa mtazameni Eliya. Hakuumia kichwa, ila amefika mwisho, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwambia, "Inuka, ule." Upo mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala, anaamshwa, anakula tena. Swali la "Unafanya nini hapa?" linakuja baadaye sana, kule Horebu, na Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Ilikuwa sauti ndogo, ya utulivu.

Wanaouguza watalielewa andiko hili haraka kuliko sisi. Andikeni hasira inapanda saa ngapi, mtaona mara nyingi ni jioni akiwa amechoka, akiwa na njaa, au televisheni inapiga kelele huku watu watatu wanamwuliza maswali. Basi apumzike mchana, ale kwa wakati, aulizwe jambo moja kwa maneno machache. Akishawaka msibishane naye. Tokeni chumbani, mrudi ametulia. Pombe asiguse. Kama amepewa dawa za kifafa, asiziache mwenyewe, ila daktari aelezwe habari za hasira, kwa kuwa zipo dawa za aina hiyo zinazoichochea. Maumivu ya kichwa yakizidi, akitapika au akisinzia kupita kawaida, ni hospitali siku hiyo hiyo. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake, mpelekeni pia.

Na dada yangu, ukipigwa, ondoka na watoto uende mahali salama, kisha umwambie daktari. Kuvumiliana hakuna maana ya kuumizwa.

Kanisani, spika zetu zinamtesa ndugu huyu. Mwekeni karibu na mlango, na akitoka katikati ya sifa asifuatwe kwa maswali. Wakati wa kumtembelea waende wawili, wasikae sana. "Mchukuliane mizigo," anasema Paulo katika Wagalatia 6:2, kwa hiyo viongozi wa jumuiya naomba mpange kabla ya Jumapili: nani atakaa naye Jumatano mke aende sokoni, na nani Jumamosi mchana mke apate kulala.