Kuruwitu, bahari waliyoifunga wenyewe

Matatu za Kilifi hazina subira. Nilipata kiti cha dirishani Mombasa, tukavuka Mtwapa, na kuanzia hapo mibuyu ikaanza kujitokeza moja moja hadi tukafika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu baada ya safu mpaka macho yanachoka. Ni kama kilomita 40 kutoka mjini. Nikashuka stejini, nikadandia bodaboda kuelekea ufuo wa Kuruwitu.

Njia ya vumbi inapita kati ya kuta ndefu za nyumba za likizo. Wavuvi wa Pwani wanazijua sana kuta hizi. Mtu amezaliwa akisikia mawimbi, lakini siku hizi anazunguka kutafuta kichochoro cha kumfikisha dikoni, pale mitumbwi inapofikia, maana ploti za ufukweni zimeuzwa na kuzungushiwa ukuta. Ndiyo maana napenda kusema kwamba kulinda bahari huanzia nchi kavu, ijapokuwa wapangaji wetu hupenda kuanza na mashua ya doria.

Hifadhi za serikali nilikuwa nimezizoea. Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo za baharini Afrika, zina askari wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na tiketi. Kuruwitu ni habari nyingine kabisa: hekta 30 hivi tu za wangwa na matumbawe, zilizofungwa mwaka 2005 na wavuvi wenyewe baada ya kuona nyavu zinarudi na majani. Watu wa hapa wanaliita tengefu, na leo vijiji kadhaa vya Pwani vina la kwao.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mti alinikaribisha. Nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama wote walikubali.

"Wote? Mwanangu, mimi mwenyewe nilikataa. Nilisema, bahari inafungwa na upepo wa kusi tu. Watoto wangu wale nini?"

"Ukabadilishwa na nini, mzee?"

Akanyoosha mkono baharini, palipokuwa na maboya. "Tazama malema yanawekwa wapi."

Kweli, mitego ilikuwa imepangwa nje kidogo tu ya mpaka, karibu kabisa na maboya, kana kwamba inasubiri mlango ufunguliwe. Samaki wakishazaliana na kukua ndani, wengine hutoka. Mvuvi hahitaji kusomewa ripoti kulijua hilo.

Maji yalipokuwa yametoka nikavaa miwani, nikaingia na kijana wa hapo anayewatembeza wageni. Kwanza niliona samaki aina ya pono wakitafuna jiwe, sauti yao inasikika chini ya maji. Kisha kijana akanishika bega. Kikande, samaki wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa, alikuwa amekabiliana na kiumbe mmoja wa miiba mirefu myeusi (sea urchin kwa Kiingereza), wale wanaotuchoma miguu wangwani. Akauma mwiba, akauvunja, akazunguka, akauma mwingine, mpaka akampindua. Upande wa chini hauna kinga kubwa. Karamu ikaanza, na samaki wadogo wakaja kugombania makombo.

Mengi ya tengefu yamo katika tukio hilo. Kikande ni rahisi kunasa. Wakivuliwa wote, wale wa miiba huongezeka, hukwangua matumbawe usiku na mchana na kumaliza chakula cha pono. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwenye miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980. Ukimlinda kikande, unaanza kulinda mwamba wenyewe, ingawa kupona huchukua miaka mingi.

Je, hekta 30 zinatosha? Kwa samaki wasafiri kama kolekole, hapana. Lakini kikande haendi mbali, na udogo una faida yake: mtu mmoja akisimama juu ya jabali huliona eneo lote, hata mtumbwi wa mgeni ukijipenyeza. Hifadhi kubwa isiyo na mafuta ya mashua haina ulinzi huo. Joto, hata hivyo, halijui boya. Mwaka 1998 El Niño iliua matumbawe mengi ya Pwani, ndani na nje ya hifadhi. Hapo kijiji hakina la kufanya ila kuhakikisha yaliyobaki hayavunjwi na juya, wavu wa kukokota, wala nanga.

Lililobaki ni pesa. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi BMU, kamati zao za kusimamia diko, lakini kanuni hazimlipi mlinzi wa usiku. Kwa hiyo ukienda, lipa ada kwa wenyeji papo hapo na uchukue mtembezaji wa hapo. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji hukauka sana kama saa nne asubuhi, kwa hiyo ingia kabla hayajapungua kupita kiasi, na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Bodaboda ya kurudi agiza mapema. Jioni huwa hazipatikani kirahisi.