Mwendo wa kaa: nyuma ya Eunos yangu

Jumamosi. Tairi la nyuma kulia limekwisha tena. Ukingo wa ndani umefika kwenye waya, ukingo wa nje ungeweza kuuuza kama mpya. Ni la pili ndani ya mwaka mmoja, upande uleule.

Kwa ambao hawajaliona likipita Pasiansi, hapa Mwanza: ni Eunos Roadster ya 1991, jina ambalo MX-5 ya Mazda iliuzwa nalo kwao Japani. Injini ya 1.6, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na limekaa chini kiasi kwamba watoto wa mtaani wanaliita kagari.

Miezi miwili iliyopita nililipeleka kwenye mashine ya alaimenti, inayopima magurudumu yanatazama wapi, kwa sababu usukani haukukaa sawa. Gari likienda mbele, usukani umeinamia kulia. Kijana akazungusha tairodi za mbele, zile fito zinazoelekeza magurudumu, akaunyoosha usukani, akanipa karatasi. Kwa magurudumu ya nyuma iliandikwa jumla mm 3 za pua kutazama ndani, yaani kingo zake za mbele zimekaribiana kuliko za nyuma, ambayo ni sawa kabisa kwa gari hili. Nikalipa, nikashukuru, nikaenda kula sato.

Tatizo ni kwamba kona za kushoto mkia bado unalegea. Kona za kulia gari limetulia kama limepigiliwa misumari. Ukishuka kutoka Bwiru unahisi tofauti hiyo kiunoni kabla hujaiona popote. Gari kuvuta kushoto peke yake kusingenisumbua. Tunaendesha kushoto, lami imeinuliwa katikati ili maji yateremke, na karibu kila gari linapenda mtaro. Lakini mkia kuchagua kona ni kitu kingine.

Jumapili. Nimebadilisha matairi ya nyuma, la kushoto kulia na la kulia kushoto. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo tairi halina kosa. Nikapandisha jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa: beringi kimya. Rimu nikaizungusha mbele ya kipande cha waya, haiyumbi.

Kisha jaribio ambalo nalipenda kuliko yote kwa sababu ni bure. Nilichekecha mchanga laini, nikaumwaga kwenye sakafu ya zege uani, nikalisukuma gari lipite juu yake likiwa limenyooka. Kulia, alama ya tairi la nyuma ilitokeza nje ya alama ya mbele kwa zaidi ya sm 2. Kushoto ilijificha ndani karibu sm 1. Gari hili nyuma ni pana kidogo kuliko mbele, nusu sentimeta na ushee kila upande, kwa hiyo alama zilipaswa kutokeza sawasawa pande zote. Badala yake mkia wote umehamia kulia. Kagari kanatembea kama kaa.

Jioni nikaenda Mwaloni Kirumba kununua mshipi wa nailoni. Muuzaji akaniuliza navua nini. Nikamwambia, Kaka, navua milimita.

Jumamosi ya pili. Madebe manne ya rangi yaliyojazwa zege, kila moja na nondo katikati. Mshipi mmoja kila upande wa gari, kwa urefu wa katikati ya rimu. Kazi yote iko hapa: umbali kutoka mshipi hadi katikati ya gurudumu la mbele uwe sawa kushoto na kulia, na wa nyuma uwe sawa kushoto na kulia. Mbele na nyuma havilingani vyenyewe kwa vyenyewe, maana nyuma ni pana kuliko mbele. Nilitumia saa nzima kusogeza madebe. Chini ya kila gurudumu la nyuma niliweka marumaru mbili zenye grisi katikati, ili tairi likae linapotaka lenyewe. Kwenye kiti changu mifuko mitatu ya sembe ya kilo 25, kwa sababu mimi nina kilo 76 na gari jepesi hivi linajua nani amekaa.

Ukipima kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu, tofauti yake ndiyo jibu. Kushoto: mm 4, pua inatazama ndani. Kulia: mm 1, pua inatazama nje.

Nne toa moja ni tatu. Ile karatasi haikudanganya hata kidogo! Ila magurudumu yote mawili yanatazama kulia, moja sana na jingine kidogo, wastani mm 2.5 kwenye rimu ya mm 380. Ukiipeleka hesabu hiyo kwenye mm 2,265 zilizopo kati ya ekseli mbili, unapata mm 15, sawasawa na ule mkia kwenye mchanga. Na kona ya kushoto uzito unahamia gurudumu la kulia, lile linalotazama nje. Basi.

Timazi ya fundi mwashi ikaongeza jingine: gurudumu la kulia limeinamia ndani mara mbili ya la kushoto.

Nikaingia chini na mtaimbo. Mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, una boliti mbili zenye duara ambalo tundu lake haliko katikati. Ukizizungusha pamoja gurudumu linalala au kusimama, ukizipinganisha pua inaingia au kutoka. Kulia, bushi ya mbele, ule mpira wa kwenye kiungo cha mkono, imechanika, mpira umeachana na chuma, na uzito wa gari unauvuta mkono nje. Boliti yake imeganda kwa kutu ya Japani, nati haijaguswa na spana tangu mwanzo. Kushoto nati ina mikwaruzo mipya inayong'aa. Kuna mtu aliyeshindwa na boliti ya kulia akaitafuta jumla kwa kuzungusha ya kushoto.

Wiki mbili baadaye. Ile boliti ilikula siku nne za mafuta ya kulainisha, moto, na matusi. Mwisho fundi wangu wa Mabatini akasema, "Mwanangu, hii hatubembelezi," akaikata kwa grinda pande zote mbili za bushi. Bushi na boliti mpya zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kuzishindilia zilikwenda Nyakato kwenye presi. Kijana msaidizi alitaka kukaza gari likiwa juu ya jeki. Nikamzuia: bushi za mpira hukazwa gari likisimama kwa miguu yake, la sivyo mpira unabaki umejisokota na unachanika mapema.

Mshipi tena. Kushoto 1.5 ndani, kulia 1.5 ndani. Jumla mm 3, ileile ya kwenye karatasi.

Jana nimelipeleka daraja la Kigongo–Busisi, kwenda na kurudi ili upepo wa ziwa usinidanganye. Mkia unafuata. Usukani sasa umeinamia kushoto, kama ilivyopaswa, maana tairodi bado zimekaa zilivyopindishwa kumficha kaa. Hizo Jumamosi ijayo, kwa mshipi uleule, kama wanangu hawajaenda nao kuvua. Sembe imerudi jikoni ikiwa na alama za grisi, na nimeambiwa nitafute mawe.