Nilivyopata vyanzo vya utafiti wangu wa meli ya Liemba

Karibu kila niliyemwomba ushauri alinijibu yale yale: "Ingia Google, chukua kurasa tatu za juu, badilisha maneno kidogo." Mmoja akanipa hadi orodha ya marejeo ya kaka yake, eti nibandike tu nyuma. Vitabu ambavyo huyo kaka mwenyewe hakuwahi kuvishika! Mimi mtoto wa Kigoma, hiyo Liemba ya Ziwa Tanganyika nimeiona tangu sijaanza shule. Niiandikie porojo?

Nikaenda maktaba ya mkoa. Kitabu mimi nakifungulia nyuma. Faharasa isipotaja meli, narudisha rafuni. Ikiitaja, nasoma kurasa hizo, halafu naangalia marejeo nijue mwandishi naye kayatoa wapi. Mkutubi, dada mmoja mcheshi, ndiye aliyenishtua kwamba Wajerumani waliiita Graf von Götzen, kwa hiyo nikitafuta Liemba peke yake mambo ya Vita Kuu ya Kwanza yatanipita. Ukimpata mkutubi wa hivyo msalimie vizuri na umweleze mada yote. Usimuulize tu "vitabu vya historia viko wapi."

Sasa utamu wenyewe. Mtandaoni kurasa kadhaa zilisema meli ilianza kuelea ziwani 1913. Mwenzangu akasema zikiwa nyingi hivyo basi ni kweli. Nikazifungua zote kwa pamoja nikazilinganisha: sentensi ile ile, hadi herufi iliyokosewa ni ile ile! Hao si mashahidi wengi, ni mtu mmoja anayebadilisha kanzu. Nikajiuliza, hiyo meli ilifikaje huku? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa, ikafungwa kwenye makasha, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na huku kwa treni. Na reli ya kati ilifika Kigoma 1914! Makasha yalitangulia kwa miguu? Huo 1913 ni mwaka wa kuundwa kule kwao. Hapa iliingia majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Nilicheka peke yangu mle maktaba mpaka watu wakageuka.

Tangu hapo kila tarehe naitafutia kitu kingine cha kuipima. Vitabu vya maofisa wa kikoloni navyo sivitupi, ila natazama kwanza aliyeandika alikuwa upande gani na aliandika lini. Mjerumani na Mwingereza hawasimulii vita ile kwa mdomo mmoja. Na namba ya ukurasa iandike papo hapo, jamani.

Kopi na nauli vilinila kama elfu ishirini na kitu, bando sihesabu. Mhadhiri aliizungushia kalamu aya ya reli akaandika "safi sana", na wale wa kurasa tatu za juu sasa wananipigia simu wanataka marejeo yangu. Kopi zipo nyumbani Mwanga, hapa hapa Kigoma. Waje wasome hapo hapo, hazitoki.