Mayai ya klauni na michoro ya Morogoro Stores

Wadau, nimekutana na kitu mtandaoni na hakijanitoka kichwani, na naona kinamhusu kila anayechora, anayeimba au anayechekesha hapa Dar.

Uingereza kuna klauni, wale wachekeshaji wa sarakasi wanaojipaka rangi usoni, sasa wale wana rejista ya sura zao na rejista yenyewe ni mayai. Ndiyo, mayai. Ilianza 1946, jamaa mmoja anaitwa Stan Bult akawa anachora sura za klauni kwenye maganda ya mayai ya kuku, mengi yakaja kuvunjika na siku hizi wanatumia ya kauri. Kila klauni na yai lake, na kati yao inajulikana kwamba sura ya mwenzio huigi, basi. Hakuna mahakama hapo. Wanasheria wawili wa Marekani, Fagundes na Perzanowski, wakaenda kuchimba hii habari, na kilichonigusa ni kwamba walikuta lile yai kazi yake siyo kukamata wezi tu, ni heshima, yaani ukishakuwa na yai na wewe unahesabika ni mwenzao.

Nikaendelea kusoma nikafika kwa wachekeshaji wa jukwaani huko huko Marekani (wanasheria Oliar na Sprigman waliandika habari zao 2008), na hapa ndo patamu. Kumshtaki mtu kwa kuiba kichekesho ni gharama na kushinda ni shughuli, maana hakimiliki inalinda namna ulivyokisema, wazo lenyewe hailindi, kwa hiyo wenyewe wamejitungia adhabu: ukiiba unasemwa kila kona na wenzako wanakataa kupanda jukwaa moja na wewe. Na sheria yao ni kali kuliko ya serikali kwa sababu wao hata wazo wanalilinda!

Sasa njoo kwetu. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, hapa hapa Dar, akaacha ndugu na wanafunzi walioendelea kuchora kwa mtindo wake, zile rangi za mafuta zinazong'aa, mnyama kajaa ubao mzima, na mpaka leo ukienda pale Morogoro Stores, Oysterbay, unawakuta mafundi wanachora. Sheria yetu ya hakimiliki, namba 7 ya 1999, inalinda mchoro, mtindo hailindi, na mi naona hapo ni sawa kabisa, mtindo ule ungefungiwa kwa mtu mmoja familia ngapi zingekula nini jamani? Chui wa Tingatinga ni wa wote.

Ila kuna kuchora chui, na kuna kuchukua chui wa fulani, vile vile alivyo, mkia ule ule, ndege wale wale juu ya mgongo, ukauza kama wako. Hiyo inaniuma sana, maana yule aliyekaa akawaza wapi mkia upinde ndo anayelala njaa. Mkikaa kibaraza kimoja aibu inafanya kazi, kesho mtaonana, mtaazimana brashi, utamwangalia vipi? Lakini mchoro ukishapigwa picha ukaingia kwenye simu, anayeuiga hamjuani wala hamtakaa mjuane, aibu inaishia hapo. Ni kile kile kinachowapata vijana wa vichekesho vya mtandaoni, mtu anachukua video anakata jina la mwenyewe anapandisha kwake, watu wanacheka, namba zinapanda, mwenye kazi hata hatajwi.

Kusajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ni muhimu na naomba watu wasajili, kweli, ila mchoraji wa kibarazani hatafungua kesi kila wiki. Ndo maana nataka mafundi wenyewe, na hawa vijana wa video, wakae wakubaliane vitu viwili vitatu, kama wale wapishi wakubwa wa Ufaransa ambao kati yao huigi sahani ya mwenzio moja kwa moja, akikupa siri ya mapishi humpi mtu mwingine bila kumuuliza, na ukitumia cha mtu unamtaja. Hiyo ya kumtaja tu ingeanza kesho, maana haina gharama, unaandika jina lake chini ya video.