Waridi la Chacha Nehru

Leo ni tarehe 14 Novemba. Hapa India ni Siku ya Watoto, kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wao wa kwanza, mwaka 1889.

Watoto humwita Chacha Nehru, yaani baba mdogo. (Ndugu zangu Wakurya mnaoitwa Chacha, nawaona mnavyotabasamu.)

Asubuhi natoka kwenda chuoni, hapa Pune, nikakutana ngazini na mtoto wa jirani. Miaka sita hivi. Wamemvalisha kama Nehru mwenyewe: kofia nyeupe, kizibao, na waridi jekundu kifuani.

Akanisimamisha. Akanitazama kifuani, akaona hapana ua.

Akachomoa la kwake.

Nikamwambia hapana, hilo la shuleni. Wapi! Akaanza kulibana kwenye shati langu, ulimi nje, vidole vinatetemeka, anaogopa pini isinichome.

Vile vidole, jamani.

Mama yake alisimama pembeni kimya, wala hakumzuia.

Jana ilikuwa Siku ya Wema Duniani. Jumbe zilijaa kwenye simu, nikazipita tu. Huu ni mwaka wa tatu niko mbali na nyumbani, na mtoto huyu hata jina langu hulitamka kwa shida.

Waridi limeanza kunyauka. Nimelitia kwenye glasi ya maji, nasoma huku nikiligeukia kila mara.

Na wewe je, mtoto amewahi kukupa kitu ambacho hujakisahau? Niandikieni hapa, nasoma zote usiku huu.