Samaki klauni akitoa ute, usikimbilie shaba

Klauni aliyeingia tangini jana, leo anahema juujuu ya maji na mwili umetanda ute mweupe unaoning'inia kama ngozi inayobambuka. Huyo si wa kusubiri hadi mwisho wa wiki. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Anayemsumbua ni Brooklynella hostilis, kimelea cha seli moja kinachokula ngozi na matamvua. Huwapata samaki wengi wa baharini, lakini klauni ndio wanaoumizwa zaidi, hasa waliovuliwa baharini. Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos wa miamba yetu ya Afrika Mashariki nao wamo hatarini, hasa baada ya kubanwa kwenye mifuko ya safari.

Wengi hupoteza samaki wao kwa sababu wanaanza na dawa ya shaba. Shaba ni dawa nzuri kwa magonjwa mengine mawili, yanayoletwa na vimelea Cryptocaryon na Amyloodinium, lakini kwa Brooklynella si ya kutegemewa, na siku mbili za kuijaribu ndizo siku mbili alizobakiwa nazo samaki. Kwa hiyo tazama kwanza. Ukiona vidoa vyeupe vinavyohesabika, ukubwa wa punje za chumvi, na samaki bado anakula, fikiria Cryptocaryon. Ukiona vumbi laini kana kwamba amepakwa unga, naye anakaa mbele ya mkondo wa pampu, fikiria Amyloodinium, na huyu naye huua upesi. Ute mzito na rangi iliyofifia ni dalili za Brooklynella. Mwenye hadubini aparuze ute kidogo, auweke kwenye slaidi na autazame kwa ukuzaji wa mara 100. Brooklynella ina umbo la haragwe na haitulii. Amyloodinium aliyejishika kwenye ngozi ni kama tone jeusi lililotulia.

Dawa ya ute ni kumwogesha kwa fomalini, yaani gesi ya fomaldehidi iliyoyeyushwa majini, ya asilimia 37. Soma chupa vizuri. Fomalini ya maabara iliyoandikwa asilimia 10 imeshachanganywa na maji na chumvi za fosfeti, haifai, na hesabu zote zilizo hapa chini zitakuwa za uongo ukiitumia. Chupa yenye mashapo meupe chini imwage kwa utaratibu wa kemikali hatari, kwa kuwa mashapo hayo ni sumu kali zaidi kwa samaki. Vaa glavu na miwani, na ufanyie kazi nje au penye hewa ya kutosha: mvuke wake unaumiza macho na mapafu, na fomalini husababisha saratani.

Chukua ndoo isiyowahi kushika sabuni, tia lita 10 za maji ya chumvi mapya yenye joto na chumvi sawa na ya tangi la samaki. Weka jiwe la hewa na uache lipulize kwa nguvu nusu saa kabla ya dawa, maana fomalini hupunguza oksijeni majini, na samaki huyu matamvua yake tayari yameharibika. Pima kwa sirinji mililita 1.5, ambayo ni sehemu 150 kwa milioni. Koroga, kisha mtie samaki. Dakika 45 zinatosha, na usizidishe 60. Maji yakizidi nyuzi 27 sumu huongezeka, kwa hiyo yapoze kwanza. Usiondoke pale. Akilala ubavu na kushindwa kujiweka sawa, mtoe papo hapo.

Asirudi alikotoka. Brooklynella huzaliana kwa kujigawa juu ya samaki mwenyewe, haina hatua ya kujifungia kwenye gamba kama wale wengine wawili. Ndiyo maana kuoga mara moja na kuhamia chombo safi kabisa hufanya kazi kubwa. Ukimrudisha kwenye maji yaleyale, umemrudisha kwa kimelea.

Tangi la karantini, yaani la kumtenga mgonjwa, liwe la lita 40 hadi 75, chini tupu, bila mchanga wala mawe, kwa sababu hivyo hunyonya dawa na kuficha vimelea. Weka hita, kichujio cha sponji na vipande viwili vya bomba la plastiki vya kujifichia. Halafu tia metronidazoli, ileile dawa ya amiba: miligramu 250 kwa lita 38, kila baada ya saa 48, kwa siku 10 hadi 14. Unga halisi ni bora. Vidonge vya binadamu vina wanga na viungio vinavyochafua maji. Toa kaboni kwenye kichujio, la sivyo dawa itaishia humo.

Baada ya hapo amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ndiyo huwa tatizo kubwa. Sponji isiyokaa wiki tatu au nne kwenye tangi lenye uhai haina bakteria wa kutosha wa kuiondoa, na klauni aliyenusurika fomalini hufa siku ya tano akiwa amechomwa na amonia yake mwenyewe. Usichukue sponji hiyo kwenye tangi lenye ugonjwa. Pima amonia kila siku. Ikifika miligramu 0.25 kwa lita badilisha nusu ya maji, kisha rudishia dawa ya kiasi ulichotoa tu. Na kama siku nyingine unatibu kwa shaba, usitie dawa ya kuzima amonia juu yake, kwani mchanganyiko huo huweza kuifanya shaba iwe sumu zaidi.

Mlishe kidogo mara mbili kwa siku, artemia (vijidudu vidogo vya jamii ya kamba) waliogandishwa au vipande vidogo vya kamba, na unyonye mabaki baada ya dakika tano. Ute ukirudi baada ya siku tatu au nne, mwogeshe tena na umhamishie chombo kingine kilichokaushwa kabisa. Wavu na ndoo za mgonjwa zisiguse tangi kubwa, ambalo lenyewe likae bila samaki yeyote kwa wiki sita.